Tahakiki Tatu, Zimechelewa

Mhariri Bentancor,
ulitaka maneno mia tatu ifikapo Jumatatu.
Leo Alhamisi, saa tisa za usiku,
niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, mtaani La Teja,
kibuyu changu cha chai chungu kimekwisha ladha,
na mwali wa kiwanda cha mafuta unaniangazia kurasa
bila kunitoza umeme.
Nimevisoma vyote. Mwenye pupa hadiriki kula tamu,
nami nimetafuna polepole, unisamehe.

Cha kwanza, kile cha anga za mbali.
Chombo kimesafiri vizazi tisa
kuuelekea mwezi ambao hakuna aliyeuona.
Mtunzi anazijua injini zake kama fundi ajuavyo cherehani:
kurasa arobaini za mabomba, vali, baridi ya nje.
Nikasinzia. Mteja akaniamsha, anataka dawa ya kikohozi.
Lakini ukurasa wa mia mbili na sita
watoto wa kizazi cha tisa wanapanga foleni
kila asubuhi, mbele ya mlango usiofunguka,
wala hawajui tena foleni ni ya nini.
Hapo nikaketi wima.
Babu yangu aliipanga foleni hiyo hiyo
kwenye kiwanda cha nyama kule Cerro,
miaka miwili baada ya kiwanda kufungwa.
Nyota tatu. Mbili ni za foleni.

Cha pili, mauaji hotelini, ufukweni, majira ya baridi.
Nilikiazima maktaba maana ofisi yako haikuleta nakala,
na msomaji aliyenitangulia, Mungu amlipe anavyostahili,
ameandika kwa penseli ukurasa wa kumi na mbili:
"Ni daktari wa meno."
Basi riwaya nzima nikawa namvizia daktari wa meno,
anavyopaka siagi mkate wake,
anavyowashikia wajane milango,
nikamwogopa kuliko mtunzi alivyokusudia.
Na mwishowe? Siye.
Penseli ilidanganya.
Sijui nimsifu nani, mtunzi au yule mzushi wa maktaba.
Andika nyota nne, wagawane.

Cha tatu sijui nikianzeje.
Riwaya ya picha, kurasa mia na arobaini,
neno hata moja hamna.
Kaichora kwa wino wa kahawia binti wa Tacuarembó,
Anahí Larrosa, simjui.
Mwanamke anahama nyumba. Basi, ndiyo hadithi.
Anavifunga vikombe kwa magazeti.
Niliandika aya ya kejeli, ungeipenda:
"Kimya si hekima kila mara, pengine ni uvivu."
Nikakiacha kitabu mezani jikoni, nikaja kazini.

Habari za mama unazo.
Tangu kiharusi, mwaka wa pili huu,
herufi kwake ni sisimizi, akizitazama zinatawanyika.
Yeye, aliyenifunza kusoma kwa vijitabu vya wapelelezi
vilivyokosa majalada.
Jana asubuhi nimerudi, nimemkuta nacho.
Alikuwa amefika nusu.
Anafunua, anangoja, anafunua,
kama msomaji. Yaani, msomaji.
Akaweka kidole kwenye fremu ndogo, chini kushoto,
maziwa yanafurika jikoni na mwanamke katazama dirishani,
akasema: "Jumanne."
Haikuwa Jumanne.
Aliona sikuelewa. Akaigonga fremu
kwa hasira ya mwalimu, "Jumanne, Jumanne!"
akacheka mpaka machozi,
akafunua mbele.

Ile aya nimeichana.
Nyingine sina. Usiku kucha
nayatazama yale maziwa, naitafuta Jumanne.

Weka nyota uzitakazo, au iache nafasi wazi,
ila iwe wazi kwelikweli, mhariri:
usije ukanijazia tangazo la magodoro.

Na malipo yangu ya Mei bado.

Mirta